Goti la Kushoto na Mteremko wa Kitangari

Jumatatu, 5 Agosti
Kunyanyua magoti mara arobaini kabla ya chai. La kushoto limegoma kwenye thelathini na moja. Miezi mitano sasa tangu Hassani, mwenzangu wa karate, alipolipiga teke mazoezini Newala. Hakukusudia. Daktari anasema limepona. Limepona, lakini kasi haipo. Teke la mzunguko linatoka kama dirisha lenye kutu. Najichukia. Kisha kufundisha vipindi vinne, darasa la sita.

Jumamosi, 10 Agosti
Newala kwa lifti ya lori. Mazoezi katika ghala la ushirika, tupu tangu waje wanunuzi binafsi. Sensei Kondo, mwalimu wetu wa karate, fundi cherehani siku nyingine zote, ametutangazia: kuna mfanyabiashara amelikodi ghala kwa msimu wa korosho. Mtihani wa mwisho wa mikanda ni tarehe 26 Oktoba. Baada ya hapo Sensei anahamia Dar. Hakuna mwingine huku wa kunipa mkanda mweusi.
Alinitazama nikirusha teke. Akasema, "Mwalimu, labda wewe ubaki kufundisha wadogo." Alisema kwa upole. Ndiyo maana iliuma.

Jumatano, 14 Agosti
Tangi la mwenye nyumba wangu hapa Kitangari limekauka. Nimeshuka bondeni kuteka maji na jirani yangu, Mama Fadhila. Mara yangu ya kwanza. Kushuka nilitangulia, nina ndoo tupu na kiburi. Kupanda alinipita kwenye mawe. Ndoo imejaa kichwani, mtoto mgongoni, mikono haishiki kitu. Haangalii chini. Mguu unatua, unapima, ndipo mwili unafuata. Maji hayakumwagika hata tone.
Nilisimama kumtazama mpaka akapotea juu. Miaka tisa ya karate. Sijaona kitu kama kile.

Alhamisi, 15 Agosti
Nimempa shikamoo, nikamwomba anifundishe. Alicheka mpaka akatua ndoo. "Mwalimu, haya ni maji tu."

Ijumaa, 30 Agosti
Tunashuka kila alfajiri. Bado nabeba nusu ndoo. Leo alinifuata kwa nyuma, kisha akasema, "Unauogopa huo mguu. Unaukanyagia kama si wako." Hajawahi kuona karate. Sensei hakuliona hilo. Wala mimi.

Jumanne, 17 Septemba
Nimeanguka. Ndoo nzima imemwagika. Goti limevimba kama papai. Mama Fadhila alinigawia nusu ya maji yake, na ana watoto wanne. Nimelia chumbani. Siendi mtihani.

Jumapili, 6 Oktoba
Uvimbe umekwisha. Nimeshuka tena. Tukipanda, Mama Fadhila alikuwa ananisimulia habari za wanunuzi wa korosho waliofika Chiwata, wanavyopunja kwenye mizani. Nilisikiliza. Mara tuko juu. Sikukumbuka jiwe hata moja. Ndoo yangu imejaa.
Nyuma ya nyumba nikarusha teke moja. Kanga iliyoanikwa ililia pwaa kabla sijajua kama mguu umeondoka. Nikakaa mchangani. Mwili huu nimeishi nao miaka ishirini na saba, kumbe siujui.

Jumamosi, 26 Oktoba
Mtihani. Magunia ya yule mfanyabiashara yamekwisha pangwa ukutani. Nikapangiwa Hassani. Niliogopa, sitajidanganya humu. Mwanzoni alikuwa analikwepa goti langu. Huruma. Ilinikasirisha. Nikamwambia, "Pigana." Akaja. Mguu wangu wa kulia ukatua, ukapima, wa kushoto ukaenda. Ulisimama umbali wa kidole kimoja kutoka sikio lake. Alikuwa bado anaangalia mikono yangu.
Sensei aliniambia nirudie. Nikarudia.
"Umefanyia wapi mazoezi?"
"Bondeni. Nateka maji."
Alidhani namtania. Alinifunga mkanda mweusi mwenyewe, akakosea fundo mara mbili.

Jumapili, 27 Oktoba
Nimemwonyesha Mama Fadhila mkanda. Aliupapasa. Akasema kitambaa kizuri, kigumu. Kisha tukashuka.

Jumapili, 24 Novemba
Mvua ya kwanza tangu alfajiri. Ndoo zote na sufuria zote ziko chini ya bati, zinakinga maji. Hakuna aliyeshuka bondeni. Saa nne nimepita kwa Mama Fadhila kumrudishia ungo. Nimemkuta amelala kwenye mkeka barazani, mtoto ubavuni. Sijawahi kumwona amelala. Nyayo zimepasuka, zina udongo mwekundu kwenye mipasuko. Nimeweka ungo taratibu, nikakaa. Ndoo yake ilijaa, ikaanza kufurika. Nikainuka, nikaisogeza, nikaweka nyingine.