Kabuti Ameshinda, Baba Anahama

Nakivale, 6 Agosti 2024

Mpendwa binti yangu Mariette,

Salamu nyingi katika Bwana. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima huko Kakoba, na sindano ya cherehani haijakuchoma tena. Mimi sijambo. Masikio ndiyo yale yale, yamefunga duka tangu ile homa ya mwaka juzi, lakini mengine yote yanafanya kazi. Usinitumie tena ujumbe kwenye simu. Maandishi yake ni ya sisimizi, macho yangu hayayapati. Mpe Bienfait barua, gari lake linakwenda Mbarara na kurudi kila wiki.

Umeuliza tena kama nitahamia kwako. Jibu ni lile lile: hapana. Kakoba ni pikipiki juu ya pikipiki, nami sisikii honi. Hapa kambini kwa wakimbizi watu wameshanizoea.

Habari mpya ni kwamba Déo anaonyesha kwenye kibanda chake cha video lile shindano la Jumapili jioni. Wanachukua watu maarufu wa Kampala, wanawafundisha kucheza dansi, majaji wanatoa alama na watazamaji wanapiga kura kwa simu. Mimi nakaa mbele kabisa, kiganja juu ya spika, na ngoma inapanda mpaka kwenye kiwiko. Nilipiga ngoma ya kwaya kule kwetu Fizi, Kongo, tangu ujana wangu, kwa hiyo mambo ya mapigo usinifundishe. Yule dada msoma habari, Perusi, hakosi hata pigo moja. Lakini kuna jitu limevaa kabuti jeusi, linakanyaga chini kama mtu anayezima moto wa majani, na kibanda kizima kinavunjika mbavu. Wanacheka nini?

Baba yako,
Appolinaire

---

Kakoba, Mbarara, 14 Agosti 2024

Baba mpenzi,

Jambo baba. Nimefurahi kusikia u mzima. Mimi pia sijambo, namshukuru Mungu, ila kazi ni nyingi.

Wanacheka kwa sababu anaongea huku anacheza, baba. Ni mchekeshaji, na jina lake ni hilo hilo, Kabuti. Jumapili alimwambia jaji, "Mama, nionee huruma, mke wangu anatazama, nikikosa alama leo silali ndani." Hata mimi nilitokwa machozi. Natazamia kwa jirani yangu Goreti, mke wa mwanajeshi. Mumewe Jovan anashinda kambini, kwa hiyo sebule ni yetu. Goreti hataki hata kumwona Perusi wako. "Ile mwanamuke ya habari iko najivuna sana," anasema. "Inacheza kama iko kwa paredi!"

Sasa tuache mchezo. Bienfait ameniambia kwamba upepo ulibeba turubai la jikoni kwako, majirani wakapiga kelele, wewe ukalala fofofo mpaka asubuhi. Safari hii lilikuwa turubai. Je, ukiwa moto?

Basi tuwekeane dau, kwa kuwa maneno yangu hayakuingii. Kabuti akishinda, unafunga virago unakuja kukaa kwangu. Perusi akishinda, sitakuuliza tena maishani, na Krismasi nitakuja kulala kwako wiki nzima. Unasemaje?

Binti yako,
Mariette

---

Nakivale, 28 Agosti 2024

Mpendwa binti yangu,

Salamu. Mimi mzima kabisa, natumaini na wewe. Dau ni dhambi, lakini kwa kuwa hakuna pesa ndani yake, nimekubali. Anza kujiandaa kwa Krismasi.

Kibandani kuna vita. Vijana wote ni wa Kabuti, mama wa kanisa na mimi ni wa Perusi. Juzi nilisimama nikawaambia kwamba huyo mtu hachezi, anatokwa jasho tu. Nikaona meno yao yote. Déo akachukua chaki, akaniandikia kwenye ubao wake wa ratiba ya mpira: "Muzee, batu banamupenda juu anachekesha. Si miguu tu." Nikamjibu kwa mdomo kwamba shindano la dansi ni miguu, kama ni midomo wangeleta wachungaji.

Nikwambie kitu, mwanangu. Njiani watu wakiniona hufungua mdomo, kisha hukumbuka, huufunga. Tangu mama yako atutoke, siku nzima yaweza kupita bila mtu kuniambia neno. Pale kibandani wakati wa dansi hakuna anayeongea na mwenzake. Sote tunatazama tu, nami nakuwa mtu kama watu. Hilo ni moja. La pili ni barua zako. Hizo nazisoma mpaka najua fasi uliyosita na mahali ulipocheka. Kwa hiyo usinihurumie sana, nina vitu viwili.

Baba yako,
Appolinaire

---

Kakoba, Mbarara, 18 Septemba 2024

Baba mpenzi,

Jambo baba, na pole kwa kusubiri. Tulikuwa na sare za shule nzima za kushona, nikirudi mkono hautaki hata kushika kijiko. Wewe hujambo? Kifua je?

Mji huu umegawanyika. Dukani kwetu watu wanakuja kupimwa suruali wanabaki kugombana. Mama mmoja wa Nyamitanga aliapa kwamba Kabuti akishinda ataivunja televisheni yake. Tukamwomba atuletee sisi badala ya kuivunja. Mwingine anasema majaji wanampendelea Perusi kwa sababu anaongea Kiingereza cha puani. Na kweli Jumapili majaji walimpa alama zote, hakuna hata moja iliyobaki mezani. Niliangalia nikaogopa. Nimempigia Kabuti kura kwa simu yangu, kwa simu ya Goreti, na Jovan alipoacha yake sebuleni tukaipitia na hiyo.

Usinicheke kwa haya nitakayosema. Nimeshanunua kitanda chako. Nimetundika pazia katikati ya chumba, upande wa dirisha ni wako, upande wa mlango ni wangu. Goreti ananiambia nimeandaa harusi kabla ya posa. Lakini nikilala nasikia upepo, namkumbuka mzee wangu asiyesikia kitu, na usingizi unakatika.

Binti yako,
Mariette

---

Nakivale, 1 Oktoba 2024

Binti yangu,

Salamu. Afya ninayo, amani sina. Wezi!

Ulimwona Perusi kwenye fainali? Alipita pale kama maji. Ngoma ilibadilika ghafla katikati, niliisikia kwenye kiganja, nikasema sasa atapotea. Hakupotea. Halafu akaja Kabuti akaanguka! Kifudifudi, kwa macho yangu haya, ngoma ikiendelea mkononi mwangu bila yeye. Na watu wakampigia kura kwa kuanguka! Alipoinua kikombe, nusu ya kibanda walirusha vigoda, nusu walitoka nje bila kuaga. Mama mmoja wa kwaya alikuwa analia kabisa. Déo akaniandikia ubaoni: "Pole, Muzee. Kura ni kura."

Mara ya kwanza nilihamishwa na vita, mara ya pili nimehamishwa na mchekeshaji. Lakini ahadi ni deni. Kuku nimempa Déo, shamba dogo nimemwachia jirani. Mwambie Bienfait aniwekee kiti Jumamosi ya tarehe kumi na mbili.

Baba yako aliyeshindwa,
Appolinaire

---

Kakoba, Mbarara, 8 Oktoba 2024

Baba mpenzi,

Jambo, jambo, jambo! Goreti na mimi tumecheza barabarani kama wendawazimu. Bienfait anajua, kiti kipo, njoo na sweta. Hii ndiyo barua ya mwisho, baba. Sasa tutaonana kila siku, karatasi za nini tena?

Binti yako,
Mariette

---

Kakoba, upande wa dirisha, 1 Desemba 2024

Mpendwa binti yangu Mariette,

Salamu nyingi katika Bwana. Natumaini u mzima. Nakuona kila siku lakini sijui.

Usishangae kupata barua ndani ya kiatu chako cha kazi. Bienfait habebi barua za kutoka kitanda hadi kitanda.

Sina lalamiko la chakula wala la malazi. Unanipikia, unanifulia, umeninunulia dawa ya macho. Jirani wa Nakivale akiniuliza nitasema nina binti, na nitasema kweli. Lakini sikiliza. Unaleta vidole mdomoni: kula. Unaweka kiganja shavuni: lala. Unaonyesha mlango: naenda kazini. Hayo ndiyo maneno yako matatu, na tangu nimefika hujaongeza la nne. Nilipokuwa Nakivale nilimjua mteja wako wa Nyamitanga, nilijua Goreti kasema nini, nilijua ukiogopa na ukicheka. Sasa nakuona mlangoni wewe na Goreti mnaongea, mnacheka mpaka mnashikana, kisha unageuka unanitazama, na unaniambia: kula.

Kwa Goreti nilijaribu kwenda. Niliweka mkono nyuma ya televisheni nitafute ngoma, watoto wakacheka, na Jovan akanisogezea kiti nyuma kwa heshima zote. Sikurudi tena. Barabarani sitoki, pikipiki moja imeshanikwangua mguu. Nakaa dirishani natazama midomo ya watu.

Wiki hii umerudi mara mbili macho yamekuiva. Nilikuuliza kuna nini. Ukapakua wali.

Kule nilikuwa mpweke bila wewe, hilo nililizoea. Hapa niko mpweke nawe, na hili linanishinda. Nimemwomba Bienfait aniwekee kiti Jumamosi. Sina hasira, mama. Deni la Kabuti nimelilipa. Nitarudi Nakivale, utaniandikia, nami nitakuwa na binti tena.

Baba yako,
Appolinaire

---

Kakoba, upande wa mlango, 3 Desemba 2024

Baba mpenzi,

Jambo baba. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mimi si mzima, na sikujua namna ya kukwambia.

Nilisoma barua yako dukani, nimesimama, kiatu kimoja mkononi. Wenzangu walidhani nimefiwa.

Umeuliza kuna nini. Jovan amehamishiwa kambi nyingine, mbali, na Goreti anaondoka na watoto kabla ya Krismasi. Hapa Kakoba watu wananiita fundi, wananiita Mkongomani, wananiita dada wa sare. Goreti peke yake ndiye anayeniita Mariette. Hilo nilitaka kukuonyesha kwa vidole nikashindwa, vidole havina neno lake. Nikapakua wali.

Siku ile nililia kwa sauti, baba. Pazia katikati yetu, nawe hukugeuka. Nikakukasirikia, kana kwamba umesikia ukakataa. Asubuhi niliona haya, nikaondoka bila hata kukuonyesha mlango.

Tena kuna jambo jingine. Nilikwambia uje kwa sababu ya turubai na moto. Hiyo ilikuwa nusu. Nilitaka uje kwa sababu jioni nikifungua mlango huu, chumba kimekaa vile vile nilivyokiacha, kikombe hakijasogea. Nilifikiri ukishakuwa ndani inatosha. Kumbe nimekuleta nikakuweka kama kabati, nikawa nakupangusa vumbi tu. Nisamehe baba. Nakupenda, na ninachoka, na kalamu niliiweka chini siku ile ile niliyopaswa kuishika zaidi.

Jumamosi usiende. Sikukatazi, dau umelilipa. Ukienda, nitakuandikia kila wiki kama zamani. Ukikaa, nitakuandikia kila jioni kabla sijagusa sufuria, nawe utanijibu nikiwa kazini. Leo nina swali hili: Goreti nimpe nini cha kuagana? Nataka kumshonea gauni, lakini naogopa nitalilowesha.

Usinijibu kwa kichwa. Niandikie.

Binti yako,
Mariette

---

Kakoba, upande wa dirisha, 7 Desemba 2024

Mariette, mama,

Salamu. Barua yako ilinikuta mzima, na nimeisoma mpaka imeanza kuchanika kwenye mikunjo.

Bienfait alipita asubuhi ulipokuwa kazini. Nimemwambia kiti ampe mtu mwingine. Nakivale ninaikumbuka, sitakudanganya, na shindano likirudi mwakani nitamkumbuka Déo mpaka niugue. Lakini kule nikikaa, wewe utafungua mlango na kikombe hakijasogea, na sasa ninajua.

Mshonee Goreti gauni. Likilowa litakauka. Nimechemsha maharage, kwa hiyo ukirudi usiguse sufuria, kaa uandike.

Sikukusikia ukilia. Ukilia tena, usilie peke yako huko upande wa mlango. Vuka pazia uniamshe.

Baba yako,
Appolinaire