Mayai Thelathini na Nane Chini ya Chungu cha Maua

Jumatatu, tarehe 9 Juni. Asubuhi ya mawingu mazito, manyunyu hadi saa mbili, kisha jua la kusitasita.

Mshauri wangu mpendwa wa gazetini, nimekuja kwako mikono kichwani, na nakuomba unisome hadi mwisho kabla hujanikasirikia, maana mimi mwenyewe nimeshajikasirikia vya kutosha. Jina langu usiliandike.

Kazi yangu ni kuwaeleza watu habari za wadudu. Si mtaalamu wa maabara, nilimaliza sekondari nikaongeza kozi mbili fupi, lakini kituoni kwetu mimi ndiye ninayewapokea wanafunzi na kushika kipaza sauti, na kila Jumatano jioni nina dakika kumi na tano redioni. Wataalamu hunieleza mimi, nami nawaeleza wengine kwa lugha ya nyumbani. Naipenda kazi hii kupita kiasi. Hata nikirudi nyumbani naketi kufuma mbawakavu na vipepeo kwa mabaki ya sufu, nimejaza kabati zima, mpaka mume wangu huwaambia wageni, "Mnadhani nilioa mke? Nilioa mdudu mkubwa mwenye ndugu wengi." Na tangu nina miaka kumi na minne naandika shajara, tarehe, hali ya hewa, nililofanya, saa niliyolala, wala sijaruka hata siku moja. Hiyo shajara ndiyo iliyoniponza.

Kituoni tuna mama wa usafi, mkubwa kuliko mama yangu mzazi, na sote tunamwita Mama Ndoo kwa sababu ya ndoo zake mbili za bluu ambazo haachani nazo. Mwezi wa tatu aliinua chungu cha maua koridoni ili apige deki, akamkuta mdudu koleo, yule mwembamba mweusi mwenye koleo mkiani ambaye watu humponda wakidhani anaingia masikioni. Alikuwa amelalia mayai. Mama Ndoo akarudisha chungu polepole, akaenda stoo kwake, akachora mstari wa chaki nyuma ya mlango. Kesho yake, ambayo ilikuwa Jumapili na si zamu yake, alikuja kuchungulia, akachora wa pili. Akaendelea hivyo siku kumi na moja, hadi mayai yalipoanguliwa. Aliniambia siku za mwanzo alikuwa akiinua chungu upana wa kidole tu, na kila alipochungulia alimkuta yule mama amechukua yai moja kinywani, analigeuza, analilamba pande zote kama mtu anayefuta vikombe vya wageni, analirudisha, anachukua jingine, ili ukungu usishike. Hakumwona akitoka kutafuta chakula hata siku moja. Mayai thelathini na nane, kila moja dogo kuliko punje ya mtama.

Siku ya tano maji ya deki yalipenya chini ya chungu. Hapa naandika alivyonisimulia mwenyewe, tukinywa chai, wiki mbili baadaye:

"Mwanangu, aliyapapasa yote kwa vile vinywele vyake vya kichwani, kama mtu anayehesabu watoto kabla ya safari. Halafu akabeba la kwanza. Akaambaa na ukuta mpaka kwenye ufa chini ya dirisha, akaliweka, akarudi. Akabeba la pili. Nikasema huyu atachoka. Wapi! Waliochoka ni magoti yangu. Nimeanza kumwangalia saa tatu, anamaliza saa tano kasoro robo. Nilitamani nimsaidie, nikaona nitamharibia."

Mshauri, nina miaka kumi na miwili katika kazi hii, nimeona jicho la nzi kwenye lenzi nikalia machozi, lakini ile chai ilinipoa mkononi. Nilimwona akilini yule mdudu akienda na kurudi, mara thelathini na saba, umbali ambao kwetu ni hatua nne na kwake sijui ni nini, labda ni kutoka mji hadi mji, bila mtu wa kumwambia pole. Jumatano ile nikaenda nayo redioni. Nilipofika kwenye kisa chenyewe, kinywa kikasema, "Nilipiga magoti koridoni nikamtazama kwa macho yangu haya." Sijui lilitokea wapi. Simu zikaanza kuingia. Dereva mmoja alisema amesimamisha gari pembeni ili asikie vizuri. Mama mmoja alisema hataponda tena mdudu mpaka amwulize ana watoto wangapi. Ningewezaje kurudi nyuma na kusema si mimi?

Basi sikurudi. Nilisimulia tena shuleni, nikasimulia ukumbini, nikasimulia mara ya pili redioni, na kila mara magoti yalikuwa yangu. Mayai nayo yakaongezeka. Mume wangu akaniuliza, "Leo huyo mama amefikisha mangapi? Wiki iliyopita alikuwa na arobaini na tano. Anataga njiani?" Tulicheka, lakini mimi nilicheka nusu.

Mama Ndoo mwenyewe alinisikia. Nilidhani atanuna, maana hata mimi ningenuna. Alisema tu, "Umelisimulia vizuri kuliko mimi. Ila pale mwisho umekosea, mwanangu." Mimi nilikuwa nimesema kwamba mdudu alirudi kulichukua yai la mwisho hata kama lilikuwa limelowa, akalikumbatia. Akasema, "Lile la mwisho hakulibeba. Lilikuwa limeshaota ukungu. Alilipapasa, akaliacha, akarudi akalipapasa tena. Halafu akalila." Nikamwambia watu hawatapenda kusikia hivyo. Akaniangalia, akachukua ndoo zake, akaenda zake.

Sasa shida yenyewe. Wiki iliyopita alinipigia simu mtafiti mmoja, mwanamama wa chuo kikuu. Anasema aina ile ya mdudu koleo ameitafuta miaka mingi, na hajapata mtu aliyeifuatilia siku hadi siku tangu mayai hadi watoto. Akasema, "Nasikia dada una shajara, huruki siku. Nitakuja Jumamosi ya wiki ijayo nipige picha kurasa zile kumi na moja, na jina lako nitaliweka kwenye makala." Nikajibu, "Zipo, mwalimu." Zipo!

Nilipokata simu nikafungua shajara ya mwezi wa tatu. Nimepeleka viatu kwa fundi. Nimefuma kipepeo bawa la kushoto. Kisha nikafika ukurasa wa Jumatano, tarehe 12, ndiyo hiyo siku ya kuhamisha mayai, na nimeandika kwa mkono wangu hivi: "Jua kali tangu asubuhi. Mkutano saa tatu hadi saa tano. Ndoo mbili zimeachwa katikati ya korido, nusura nianguke. Kumwonya Mama Ndoo."

Nikakumbuka yote. Zile ndoo aliziweka makusudi ili watu wapite upande wa pili wasimkanyage mdudu. Mama Ndoo alikuwa amepiga magoti nyuma ya ndoo, akaniita, "Njoo uone, mwanangu, njoo haraka!" Nikamjibu, "Baadaye, mama, nina mkutano." Na ule mkutano, mshauri, ulihusu namna ya kuwafanya watu wasimame kidogo wawatazame wadudu.

Sasa sikiliza dhambi yenyewe. Mimi huacha mistari minne mitupu chini ya kila ukurasa, ni tabia ya tangu shule, na kalamu ni ile ile. Ijumaa nilikaa nikajaza mistari ya siku tatu za kwanza. "Nimemwona leo chini ya chungu." Mwandiko ni wangu, wino ni ule ule, hakuna atakayejua. Lakini nilipofika tarehe 12 mkono uligoma. Kila nikiweka kalamu naziona zile ndoo.

Nifanye nini? Nikisema ukweli, redio itaniacha, watoto wa shule wataniita mwongo, na huyu mtafiti atakosa anachokitafuta kwa sababu kurasa hazipo. Nikinyamaza, Jumamosi Mama Ndoo atakuwa anapiga deki chumba kile kile tutakachokaa na mgeni. Na pengine kibaya kuliko vyote ni kwamba namwonea wivu. Ningetoa miaka yangu yote ya kipaza sauti nipate yale masaa mawili aliyoyapata yeye.

Nafunga bahasha hapa. Jana nilizima taa saa nne na robo. Usingizi ulinichukua saa saba kasoro dakika kumi.

Dada wa Wadudu

*

Dada yangu,

Nimekusoma hadi mwisho kama ulivyoomba. Kisha nilitoka nje nikainua vyungu vyangu vyote vya maua, kimoja kimoja, mwanamke mzima na miwani yangu. Nilipata konokono wawili na kijiko kilichopotea tangu mwaka juzi. Kwa hiyo elewa kwamba ninayekugombeza ni mtu ambaye kisa chako kimemshika kweli.

Nianze na hilo la yai la mwisho, maana ndipo ulipoharibu zaidi ya unavyodhani. Ulimwambia yule mama watu hawatapenda. Mimi ni watu, na nimependa. Mdudu aliyekumbatia yai lililooza ni mdudu wa kwenye kadi ya salamu. Mdudu aliyelipapasa, akaliacha, akarudi, akalipapasa tena, kisha akalila na kwenda kuyalinda yale thelathini na saba yaliyobaki, huyo ndiye aliyenitoa nje kuinua vyungu. Ulikuwa na kitu kikubwa mkononi ukakipaka sukari. Na sasa unataka kumpa mtafiti hiyo sukari aichapishe, ili hata wajukuu wetu waisome kama kweli.

Umeiba, dada. Sina neno laini. La kwanza redioni lilikuwa ulimi kuteleza, nakusamehe hilo, hata mimi kipaza sauti kimewahi kunitoa akili. Lakini shuleni hukuteleza, ukumbini hukuteleza, na Ijumaa ulikaa chini na kalamu. Miaka yote hiyo hujaruka siku, halafu unakwenda kuichafua shajara kwa sababu ya mistari minne mitupu!

Unasema mtafiti atakosa kurasa. Wewe mtu wa utaratibu, hebu soma barua yako mwenyewe. Nyuma ya mlango wa stoo kuna mistari kumi na mmoja ya chaki. Hiyo ndiyo shajara anayoitafuta, ila imeandikwa na mtu mwingine. Kinachokosekana pale ni tarehe. Na tarehe unayo wewe. Mstari wa tano ni siku ya kuhamisha mayai, na siku hiyo wewe uliandika ndoo mbili zimeachwa koridoni, tarehe 12. Hesabu kwenda mbele na kurudi nyuma, siku zote zinapatikana. Ule mstari wako wa kununa ndio pekee wenye thamani katika kitabu chote, na uliuandika bila kujua. Onyesha huo.

Kwa hiyo leo hii nenda kawaambie wakuu wa kituo mlango ule wa stoo usifutwe wala usipakwe rangi. Zile siku tatu za uongo usizichane. Pitisha mstari mmoja juu yake, zisomeke, uandike pembeni tarehe ya leo na neno "si kweli", kisha utie sahihi. Mtafiti mpigie simu, usimngoje Jumamosi afike na kamera. Mwambie, "Mwalimu, si mimi niliyeona, ni mwenzangu, na mimi nilidanganya." Maneno hayo hayazidi pumzi moja. Akikasirika, ana haki. Lakini mtu aliyetafuta miaka mingi nadhani atataka kwanza kuuona ule mlango.

Redio nayo usiiogope sana. Jumatano sema ulichofanya, bila kulia na bila kujipamba, halafu msogezee Mama Ndoo kipaza sauti, akitaka. Akitaka, nasema. Usimburute kwa ajili ya kujisafisha wewe. Na jina litakaloandikwa kwenye makala muulize mwenyewe ni lipi, maana sidhani mama yake alimwita Ndoo.

Wivu wako sikulaumu. Yapo masaa mawili duniani ambayo hutayapata tena, na utaishi bila hayo. Utaishi ukijua kwamba yupo mtu aliyeyapata, unamjua, na kila siku unapishana naye koridoni. Kaa naye ukamsikilize bila kuwaza Jumatano utasema nini.

Lakini kabla ya mtafiti na kabla ya redio, unaanza na yeye. Mfuate stoo kabla hajajaza maji, umwambie yote, hata zile kurasa tatu. Usipeleke zawadi. Usianze na "unajua mama, mambo yalivyo." Anza na "nilikuibia."

Na fanya haraka, kwa sababu barua yako ningeweza kuiweka foleni kama nyingine, ila nimeamua itoke gazetini Alhamisi hii. Jina lako sijaliandika, nimetimiza ombi lako. Lakini mji huu una wangapi wanaosimulia mdudu koleo redioni? Kufika saa nne asubuhi mtu atakuwa amemsomea Mama Ndoo ukurasa huu. Yeye huanza kazi saa kumi na mbili na nusu. Ukimfikia kwanza, umekiri. Gazeti likimfikia kwanza, umekamatwa. Vaa viatu.