Baba na Upepo wa Leo

Shoga, bado natetemeka. Usicheke.

Asubuhi nilikuwa najaza upepo tairi kama kawaida, nipeleke chanjo ya kuku vijiji vya mbali. Ghafla baba akatoka na baiskeli yake. "Twende." Baba huyuhuyu ambaye hajanisemesha tangu barua yangu ya uhamisho wa kazi ifike!

Upepo ulikuwa wa kuangusha mtu. Kutwa nzima alikuwa mbele yangu, na neno lake moja tu: "Kaa nyuma yangu!" Nikisogea pembeni: "Nyuma yangu, nimesema!" Iliniuma. Yaani na diploma yangu ya mifugo, bado nafundishwa kuendesha baiskeli?

Tukiwa tunarudi uvumilivu ukanishinda, nikampita. Mimi, shoga! Mimi ninayeogopa hata kuomba chumvi mezani!

Upepo ukanizoa mzimamzima hadi mtaroni, boksi la chanjo juu yangu. Ashukuriwe Mungu lilikuwa tupu.

Baba akatupa baiskeli, akaruka mtaroni. Akafoka: "Nilikwambia ukae nyuma ili nikukinge upepo!"

Sijui ujasiri niliupata wapi. Nikamuuliza, "Baba, kwani hutaki nihame?"

Akaanza kunipangusa matope magotini kama nina miaka mitano.

"Nenda, mwanangu," akasema mwishowe, bila kuniangalia. "Ila tangu mama yako afariki, nyumba ile ni mimi na wewe tu. Naogopa kubaki peke yangu."