Swali la Denim

Mwanza, 9 Februari 2025

Kwako kaka Usumani,

Hujambo? Baba yako, Mzee Twahiru, naye hajambo? Bado anashona pale Nyamirambo? Sisi huku tu wazima.

Jana binti yangu Kaliza aliniuliza kama ni kweli niliwahi kuonekana kwenye televisheni. Nikamsimulia ile chemsha bongo ya shule za sekondari, fainali yetu, mimi kapteni na wewe kulia kwangu. Akauliza, "Mlishindwa kwa nini?" Nikamdanganya, kama nilivyowadanganya wote miaka kumi na miwili iliyopita. Swali la mwisho lilikuwa: denim, kile kitambaa cha jinzi, imepata jina kutoka mji gani? Ulininong'oneza jibu sahihi, Nîmes. Kanuni ilikuwa kapteni pekee ndiye anayejibu, na mimi kwa kiburi changu nikasema Manchester. Kisha mwalimu alipouliza, nikasema jibu nilipewa na wewe. Nisamehe, kaka. Naona aibu mpaka leo.

Dada yako,
Mukunde


Nyamirambo, 2 Machi 2025

Dada Mukunde (Kapteni!),

Salamu zimefika, bahasha nimeipokea stendi ya Nyabugogo kwa kondakta wa basi. Mimi mzima. Mzee figo zinamsumbua, hashoni tena. Kazi yake sasa ni kukaa mlangoni na kukosoa mishono yangu.

Mimi nilishakusamehe. Lakini kumbuka kipindi kilirekodiwa Jumatano kikaonyeshwa Jumapili, nasi tulikuwa tumeapa kutotoboa siri. Mzee akaalika majirani dukani, akawanunulia fanta. Nilikaa katikati yao nikijua kinachokuja. Kamera ikanionyesha nakunong'oneza, kisha wewe ukasema Manchester. Watu wakacheka: mtoto wa fundi hajui kitambaa! Na hiyo Nîmes alinifundisha yeye mwenyewe, juu ya cherehani. Akaniambia tu, "Hata hilo, mwanangu?" Hajalitaja tena.

Nikijieleza mimi, nitaonekana mshindwa anayejitetea. Mwandikie Mzee wewe mwenyewe. Nimeshamwambia barua yako iko njiani.

Kaka yako,
Usumani


Mwanza, 21 Septemba 2025

Kaka yangu,

Za siku nyingi? Mwambie Mzee shikamoo. Najua nimechelewa, usininunie. Nimeiandika barua yake nikaichana, mara nne. Kila nikifika kwenye "nilidanganya" naweka kalamu chini. Safari hii nimeimaliza, imo humu, ina jina lake juu. Msomee polepole, na majirani wakiwepo, wasikie wote.

Dada yako,
Mukunde


Nyamirambo, 12 Oktoba 2025

Dada Mukunde,

Natumaini hamjambo, wewe na Kaliza.

Mzee alitutoka tarehe 30 Agosti. Sikuwa na nguvu ya kukuandikia.

Alikuwa akinituma Nyabugogo kila wiki, kuulizia basi la Mwanza. Nikirudi tu: "Barua ya ule mtoto iko?" Bado, Baba. "Inasema nini?" Nikamjibu, ikija utasikia mwenyewe.

Barua nimemsomea mama. Alilia, kisha akaomba nirudie pale penye Nîmes. Sasa imo kwenye droo ya cherehani. Umeandika vizuri, dada, sina neno.

Ila usijilaumu peke yako. Miezi sita nilimwogesha, nikamlisha, nikamshika mkono kwenda msalani. Nafasi ya kusema sentensi moja sikuikosa hata siku moja. Nilikaa kando yake kama nilivyokaa kando yako siku ile: jibu ninalo, nikamsubiri kapteni aseme.

Kaka yako,
Usumani