Mashavu ya Brayo

Jumanne, Juni 1996

Kumbe si uji wangu. Wiki nzima ploti yote imenisifu: "Mama Brayo, huyu unamlisha nini? Mashavu kama mandazi!" Nikajiona hodari, hata nikampa Mama Njoki wa mlango wa pili kipimo changu cha unga wa wimbi na omena, vile visamaki vikavu.

Leo daktari amebonyeza mguu wa mtoto, shimo likabaki. Si unene, ni maji, figo zinavuja. Akanieleza kwamba kinga ya mwili ilipigana na virusi vya yale mafua aliyougua wiki chache zilizopita, virusi vikaisha, lakini askari hawakurudi kambini. Sasa wanapiga figo za mwenyewe. Askari wa namna hiyo hata mtaani tunao.

Amepewa tembe za kuwatuliza. Watoto wengi hupona, amesema, na hilo nimelishika kwa mikono miwili. Ila tembe zenyewe zitamjaza mashavu zaidi kabla hajapona.

Kwa hivyo nitasifiwa tena. Naogopa, na zile figo ni ndogo sana... Brayo mwenyewe anacheka tu, macho yamefunikwa na uvimbe.

Siku ambayo Mama Njoki ataona mashavu yamepungua, aniulize kwa nini namlaza mtoto njaa, nitamkumbatia.