Mtoto wa Mwenzangu Amerushwa Darasa

Ng'ambo, Tabora
20 Mei, 1973

Kwa mama yangu mpenzi,

Shikamoo, mama. Naomba barua hii ikukute huko Ujiji umeketi barazani, mgongo umetulia na mguu uliokuwa ukivimba sasa unaingia kwenye kiatu. Sisi ni wazima. Yahaya amerefuka, suruali ya sikukuu ya Idi imeshamwacha vifundo nje. Baba yake bado anashona palepale karibu na soko. Mke mwenzangu Bi Tatu naye mzima, na bintiye ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Unamkumbuka Mwanamkuu, yule mwembamba aliyekusomea maandishi ya gunia la sukari ulipotutembelea, kabla hata hajaanza shule? Mwezi wa kwanza Mwalimu Lugembe alikuja nyumbani kumwambia Baba Yahaya kwamba darasa la tano halina la kumfundisha mtoto huyu, arushwe aingie la sita. La sita, mama! Ndilo darasa la Yahaya wangu, mwenye miaka kumi na mitatu, na yeye ana kumi.

Mume wetu alifurahi hata akafunga kazi mapema. Akamshonea sare mpya, ya Yahaya ikatiwa kiraka. Majirani wakaja kumpongeza Bi Tatu, na chai waliyokunywa niliipika mimi. Nilitabasamu mpaka mashavu yakaniuma.

Kusema kweli, haikuchukua muda nikapata cha kunituliza. Mtoto alikalishwa nyuma, haoni ubao. Hesabu za sehemu, ambazo wenzake walizisoma mwaka jana, alikuwa hajapata kuzisikia. Akarudi na sufuri. Wasichana wakubwa wakambandika jina la Bibi, wakawa wanamtuma maji. Marafiki zake wa zamani wakamwambia akaruke kamba na wakubwa wenzake. Kwenye shamba la shule alipimiwa matuta ya karanga ya kulima sawa na wavulana walioanza kuota ndevu, akarudi viganja vimechubuka. Ikafika hatua akawa anakojoa kitandani. Bi Tatu alianika godoro alfajiri ili nisione. Nilikuwa naona, mama, na siku hizo nilikula kwa hamu.

Yahaya naye hakupona. Kila jioni baba yake alimuuliza mdogo wake kapata ngapi na yeye kapata ngapi. Mwanangu akawa anazurura mitaani mpaka giza liingie, asikutane na swali hilo.

Mwezi uliopita alisahau jembe, nikampelekea shuleni. Nilipofika nikasimama dirishani kungoja. Mwalimu alikuwa ameandika hesabu ya sehemu ubaoni. Yahaya aliitwa, akashindwa, akarudi kukaa ameinamisha kichwa. Ndipo Mwanamkuu akapanda juu ya benchi ili aone, darasa likacheka. Alikwenda ubaoni, na kwa kuwa mkono haukufika juu, akaandika chini kabisa. Jibu likatoka. Basi hakumtazama mwalimu wala wenzake. Aliutazama ubao tu akicheka peke yake, kama mtu aliyepokea mgeni wake kituoni. Uso ule sijauona kwa mwanangu hata siku moja. Niliondoka na jembe mkononi.

Wiki mbili zilizopita, baada ya chakula, Bi Tatu alimwambia mume wetu kwamba mtoto arudishwe darasa la tano. Anakonda, hana rafiki, na yeye hataki sifa za kumuulia mwana. Baba Yahaya aliona uchungu, lakini alikubali, kisha akanigeukia mimi mkubwa wa nyumba niseme neno. Hilo ndilo nililokuwa nikilingoja tangu mwezi wa kwanza. Ilikuwa niitikie tu.

"Asirudishwe," nikasema.

Bi Tatu aliruka. "Unataka afe, dada?"

Nikawasimulia nilichokiona dirishani. Bi Tatu alilia, lakini wakakubali abaki. Asubuhi yake nilikwenda mwenyewe kwa Mwalimu Lugembe, nikamwomba mtoto akae mbele na shambani apimiwe kadiri ya mwili wake. Alikubali. Wasichana bado wanamwita Bibi. Godoro bado linaanikwa, ila si kila siku.

Najua kaka Selemani ndiye anayekusomea, na hapa asome polepole, asiruke neno. Usinijibu kwamba nina moyo mzuri. Wivu haujanitoka, mama. Tangu siku ile umezidi. Kwanza nilimwonea Bi Tatu kwa sifa za majirani. Sasa namwonea kwa furaha ya mwanawe, na hiyo inauma zaidi. Niliweza kuizima kwa neno moja, na nilitamani. Ila niliona kwamba hata ningeizima, Yahaya asingeipata. Ingekuwa imepotea tu, nyumba nzima tubaki gizani.

Nimempa Raymundi, yule wa reli, kopo la asali akuletee. Wasalimie wote hapo, wakubwa na wadogo. Na ukimaliza kuswali, mwombee Mwanamkuu apate nguvu. Kisha mwombee Yahaya, peke yake, usimtaje na mtu mwingine yeyote, naye apate jambo lake la kumchekesha vile.

Ni mimi binti yako,
Mwanajuma