Komeo la Dirisha la Chumbani

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimeamua. Madirisha naweka mwenyewe. Yote manne! Fremu na vioo vimefika salama kwenye nyumba yetu mpya Endasak, juu ya lori la maharage, hakuna hata kimoja kilichopasuka. Jana mezani shemeji yangu Sulle kasema alumini si kazi ya mwalimu. Meza yake, bila shaka. Mwaka na miezi mitatu tunakaa kwake Katesh, mimi na mke na mtoto, na hata kukohoa nakohoa kwa adabu. Yeye ni fundi wa alumini, mji mzima unajua, maana anautangazia. Simwiti.

Nimeangalia video mara sita. Kijana hana hata ndevu, anaweka dirisha kwa dakika kumi na mbili.

Jumatano, 5 Machi — Majivu

Misa, majivu, njaa. Padre kasema tufunge na hasira pia. Nimeifunga hadi saa nne.

Dirisha la chumba chetu haliingii. Nilipima kabla ya lipu, na lipu imekula upana wa kidole kila upande. Hilo kijana wa video hakulisema—mjinga! Nikachukua tindo na nyundo nikachonga ukuta. Jirani wa upande wa juu, Mzee Nikolausi, akaja akasimama kwenye uzio. Shikamoo nikampa, bila kugeuka sana. Akauliza kwa nini nagonga chini ya linta, ule mkanda wa zege juu ya dirisha. Nikamwambia sigongi, nachonga. Akasema aa. Akatafuta jiwe akakaa kabisa, aone vizuri. Watu hawana mashamba?

Ijumaa, 7 Machi

Limeingia! Kwa nyundo na kipande cha ubao, lakini limeingia. Pimamaji sina, la kuazima liko kwa Sulle. Nimeweka bakuli la maji juu ya fremu, halikumwagika, yatosha. Nimekandika saruji pande zote. Silikoni nimejaza kila mahali, hata vile vitundu vya chini kwenye reli. Upepo wa huku unabeba vumbi la wilaya nzima, sitauachia hata tundu la sindano.

Kioo kimenichana kidole gumba. Nimerudi Katesh nimefunga tambara. Mke wangu, Mama Hilda, kaona damu, kachukua ndoo, kaenda kuchota maji. Hata pole hakuna.

Jumapili, 9 Machi

Grili nayo nimeiweka, nje ya kioo, miguu yote minane ndani ya saruji. Dume la ng'ombe halingeing'oa.

Nikatangaza mezani. Nilitegemea hongera. Mama Hilda akauliza kama inafunguka. Nikamwambia grili haifunguki, ndiyo kazi yake. Akaweka kijiko chini.

"Basi mimi silali humo, Baba Hilda."

Mbele ya kaka yake! Sulle akainamia bakuli, lakini mabega yalikuwa yanacheka. Nimejenga nyumba, nimetoka damu, halafu mtu hatalala humo. Alale wapi? Hapa milele?

Jumanne, 11 Machi

Mvua ya kwanza. Maji yote yamejaa kwenye reli, yakamwagikia chumbani. Vile vitundu vilikuwa vya kutolea maji.

Na ufa. Umeanzia kwenye kona ya dirisha unapanda hadi kwenye linta, mrefu kama rula ya darasani. Fremu imepinda. Kioo kinasogea nusu ya kiganja kisha kinagoma. Nimekiambia maneno ambayo mwalimu hasemi. Mzee Nikolausi alikuwa kwenye jiwe lake. Akanipa pole, nikaipokea vibaya.

Alhamisi, 13 Machi

Nilitafuta ugomvi, nimeupata. Nilimwuliza Mama Hilda anataka nini hasa. Nyumba imara hataki, mbovu hataki.

Akajibu bila kupandisha sauti. Kwamba alfajiri ile ya Desemba, tope la mlima liliposhuka kwetu Jorodom, mlango wetu ulizibwa kabla hajafika. Kwamba walitokea dirishani, yeye na Hilda, na muda waliopata ulikuwa wa Salamu Maria moja. Hayo nayajua. Mimi nilikuwa Nambis kwa dada yangu, nimelala vizuri. Halafu akasema nisilolijua.

"Lile komeo bovu la dirisha, nililokuomba mwaka mzima ulitengeneze. Lingekuwa zima tusingetoka. Nilisukuma kwa bega mara moja tu."

Nikakasirika. Nikasema basi nishukuriwe kwa uvivu wangu. Akatoka nje.

Neno baya sana. Nimelisema kwa sababu kugombana naye ni rahisi kuliko kufikiria lile komeo likiwa zima. Misumari nilikuwa nimeshainunua. Ilikuwa kwenye droo.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekata nondo mbili za katikati ya grili kwa msumeno wa chuma. Mikono imekwisha. Nafasi mtu mzima anapita, nimejipima mabega. Silikoni nimeichokonoa kwenye vitundu kwa msumari. Fremu nimeilegeza upande mmoja, reli nimepaka mafuta ya kula. Dirisha limefunguka lote! Mara mbili! Bila Sulle!

Kesho namleta Mama Hilda aone.

Jumamosi, 15 Machi

Tumekuja asubuhi, yeye na Hilda pikipiki moja, mimi nyingine. Mvua ilinyesha usiku kucha. Kasifu sakafu. Chumbani kaangalia ufa, kaangalia nondo zilizokatwa. Nikaona uso unalegea. Ningenyamaza hapo! Nikajitia kusema kwamba hata tope lishuke sasa hivi, mimi natoka kabla hajamaliza kuvua viatu. Akauliza kweli? Nikasema kweli. Akatoka na Hilda, akafunga mlango kwa ufunguo nikiwa ndani, akazunguka nje hadi dirishani.

"Haya. Toka. Mimi nasali moja."

Akasali Salamu Maria kwa sauti, mwendo wake wa kila siku. Nikavuta. Nusu ya kiganja. Nikavuta kwa mikono miwili, nikaweka mguu ukutani, lipu ikadondoka kutoka kwenye ufa. Nusu ya kiganja! Ukuta umelowa, umeshuka, umeibana fremu. Nilikuwa bado navuta aliposema amina.

Hakucheka. Ningependa acheke.

Nimekaa sakafuni. Daftari liko mfukoni kama kawaida, naandika ili nisiite mtu. Simu ninayo, jina la Sulle liko juu kabisa. Nyundo iko nje, niliiacha chini ya dirisha jana nikijisifu. Hilda kaweka uso kwenye kioo, anauliza baba anatokea wapi. Mzee Nikolausi kasimama kwenye uzio, leo hata jiwe hakutafuta.

Nimesimama tena nikavuta, nimekaa tena.

Nilifikiri atafungua mlango. Hajafungua. Kashika grili kwa mikono yote miwili, kaanza Salamu Maria ya pili. Hii haiendi mwendo wake. Anaivuta neno kwa neno, anapumzika katikati, ananitazama.

Ananiongezea muda.